Blanketi Ndani ya Gomesi

Nimejivuna maisha yangu yote, kwa hiyo aibu hii naisema mwenyewe.

Dada yangu aliyeolewa Butembo, ng'ambo ya mpaka, alikuwa mgonjwa sana, na nilitaka kumwona kabla hajafa. Majirani wa Bwera niliwaambia naenda likizo, kupumzika kwenye baridi ya milimani kama Wazungu. Sweta sikuwa nayo. Nikarudi kwanza Kasese, kambini kwa binti yangu. Mume wake, askari, alikuwa ametumwa kazi mahali, wapi, sikuuliza. Binti alipokwenda kuchota maji, nikaiba blanketi ya mume wake. Wanawake hufunga kikoyi ndani ya gomesi, gauni letu refu la heshima, ili nyonga zijae. Mimi nikafunga ile blanketi.

Mpakani Mpondwe, askari mkubwa akanishusha kwenye lori.

"Mama, umeficha kahawa kiasi gani humo?"

"Ni mwili yangu, afande. Nakula vizuri."

"Mwili gani iko na manyoya ya kijivu?"

Blanketi ilikuwa inachungulia chini. Akainama, akasoma namba ya jeshi, akapiga kelele kibandani: "Wewe! Namba yako hii! Kuja!"

Akatoka mkwe wangu. Kwetu mama mkwe hali hata chakula mbele ya mkwe wake.

"Mama, vua hiyo blanketi!" askari mkubwa aliamuru.

Nikavua. Mkwe wangu aligeukia ukuta, akaziba macho.

"Afande," alisema, "nilimpa mimi."

Wakamvua mkanda palepale, wakamkamata kwa kugawa mali ya jeshi. Gomesi ilikuwa imenilegea mwilini, na lori ya Butembo ikaondoka bila mimi.