Tulivyokwenda Kuposa Picha ya Dume

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha zangu zilijitembeza Bariadi nzima. Nilizibeba kwenye bahasha ngumu ya kaki, nikaingia nazo maduka ya vitenge, ofisi, baa mbili, na saluni moja ambayo mwenyewe alinisikiliza mpaka mwisho kwa sababu alikuwa anamsuka mtu na hakuwa na pa kukimbilia. Zilikuwa picha za mtaani, nyeusi na nyeupe: mama anavuka barabara na godoro kichwani, bodaboda wanne chini ya mwavuli mmoja mvua ikinyesha, fundi cherehani amesinzia juu ya suruali ya mteja. Watu walizitazama, wakacheka, wakamtambua mmoja au wawili, kisha wakanirudishia. "Nzuri sana," walisema. "Lakini huyu si ndugu yangu. Nimtundike ukutani aniangalie nikila?"

Sikukata tamaa, maana nilikuwa nimependa, na aliyependa hasikii. Mchana nilipiga picha za pasipoti katika studio yangu karibu na stendi. Ikifika saa kumi nafunga pazia, nawasha printa niliyoinunua Mwanza kwa mtu aliyekwisha kuichoka, mashine pana kama meza ya chakula, na kuchapa picha moja moja kwenye karatasi nzito isiyong'aa. Karatasi hutoka polepole. Kwanza unaona mbingu, halafu mabati, halafu vichwa vya watu, na hujui kama miguu itafuata salama au wino utakwisha njiani. Miguu ilipotoka salama nilicheza. Nilicheza kweli, peke yangu, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mpaka jirani muuza simu akagonga ukuta.

Baba yangu, mkulima wa pamba kule Ipililo, alikuja mjini siku moja akazikuta nimezianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Akasimama mbele ya wale bodaboda wanne.

"Hawa walikulipa?"

"Hapana, baba."

"Wanakufahamu?"

"Hapana."

"Wewe je, unawafahamu?"

"Mmoja tu, namwonaga stendi."

Akavuta pumzi. "Mayu, mwanangu, hiki ni kibarua cha bure kwa watu wasiokutuma."

Tuliagana kwa masharti. Nilimwahidi kwamba msimu wa kuuza pamba ukiisha sijauza hata picha moja ya mtaani, nitaiuza printa na kubaki na pasipoti zangu kama watu wenye akili. Niliahidi upesi mno. Gari lake lilipoondoka nilirudi ndani, nikaanza kuipangusa vumbi ile mashine.

Sasa, katika picha hizo ilikuwamo moja ya dume. Niliipiga asubuhi moja katika mvua za mwisho. Dume alikuwa anavushwa barabara kuu, akafika katikati, akaona pale pananoga, akasimama. Mji wote ukasimama naye: gari la abiria, pikipiki kama kumi, mwalimu mwenye mwavuli. Kwenye dimbwi mbele yake palikuwa na taswira yake, dume mwingine, kichwa chini miguu juu. Mchungaji alikuwa nyuma, amezibwa kabisa na ubavu wa mnyama, kilichoonekana ni miguu yake miwili na katambuga za tairi. Nilibonyeza mara moja tu.

Picha hiyo ndiyo iliyomkamata mama mmoja mwenye hoteli Lamadi. Aliingia studio kupiga pasipoti, akamwona dume, akaisahau pasipoti. Alitaka sita, moja kwa kila chumba, ziwe zimefika Jumamosi. "Wageni wangu wanatoka Serengeti wamechoshwa na simba," alisema. "Nataka wakiamka wamwone huyu." Nilikuwa nimeshaanza kuelea hewani aliponivuta mguu. "Ila uje na ruhusa ya mwenye ng'ombe. Mimi ni Msukuma kama wewe, najijua. Mtu atapita kwangu kunywa soda, amwone dume wake ukutani, kesho nina kesi ya wizi wa mifugo. Bila ruhusa, sichukui hata moja."

Alipotoka nilipiga kelele za furaha. Mteja aliyefuata alinikuta nacheka, naye akacheka bila kujua sababu, na picha yake ya pasipoti ikatoka na meno yote nje. Ikabidi nirudie mara tatu. Karatasi zilikuwa zimebaki saba tu, na nyingine kutoka Dar zingechukua wiki tatu, lakini saba zilitosha: sita za hoteli, moja ya mwenye dume kama shukrani. Nilizichapa zote siku hiyohiyo.

Kumpata mwenyewe hakukuwa kazi. Nilipeleka picha moja kwa wachuuzi wa ng'ombe. Hakuna aliyesema neno kuhusu mwanga, wala dimbwi, wala mwalimu mwenye mwavuli. "Pembe ya kushoto hiyo!" walisema, na mtu wa tatu alishanielekeza nyumba, akaniongezea na historia ya mama yake dume.

Mzee mwenyewe alikaa nje kidogo ya mji. Alinipokea vizuri, "Mwangaluka," nami nikaitikia, akanipa kigoda. Nilipoanza kueleza akainua kiganja.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Una baba?"

"Ninaye."

"Basi mlete. Mali ya watu haizungumzwi na mtoto."

Mtoto! Nina mvi tatu. Nilirudi mjini nikicheka kwa hasira, maana mtu pekee aliyeweza kuiokoa printa yangu sasa alikuwa yuleyule aliyekuwa anasubiri iuzwe. Nikampigia baba simu. Akaniuliza maswali manne kuhusu dume na hata moja kuhusu picha. Alhamisi akashuka stendi amevaa koti lake la harusi, fimbo mkononi, na nyuma yake baba mdogo, ambaye kazi yake katika kila mazungumzo ya ukoo ni kutikisa kichwa.

Tulipofika mzee alikuwa na ndugu zake wawili wamekaa safu. Ilikuwa posa kabisa. Walisalimiana "Mwadila" mpaka nikadhani jua litazama, wakaulizana mvua, pamba, miguu inayouma. Mimi niliwekwa pembeni, magoti pamoja, kama mchumba, na kila nikikumbuka kwamba anayeposwa ni picha nililazimika kuuma kanga nisicheke.

"Tumesikia hapa kuna dume," alianza baba. "Tumekuja kwa amani."

"Dume yupo," mzee akajibu. "Lakini sisi tumesikia mmekwisha kumchukua."

Baba mdogo akatikisa kichwa. Ikabidi picha itolewe. Nililaza moja juu ya benchi, wote wakainama.

"Dume wangu ni mwekundu," mzee alisema. "Huyu mweusi." Akainama zaidi. "Na mimi niliyekuwa namchunga niko wapi?"

Nikamwonyesha miguu.

"Hii?" Akainuka. "Ng'ombe umemchukua mzima, mimi umenichukua katambuga!"

Ndugu zake waliangua kicheko, mmoja akasimama akaenda kushika nguzo ya baraza. Mzee mwenyewe hakucheka. "Watu watasema hana mwenyewe. Watasema ni ng'ombe wa kutangatanga. Mnataka kumuuza hivyo kwa wageni? Basi nilipwe mtamba mmoja, kwa aibu niliyopata."

Mtamba! Nikafungua mdomo. Baba akanyanyua kidole kimoja, nikaufunga. Akatoa miwani yake, yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi, akainama juu ya benchi. Nikajua imekwisha. Angesema ndiyo, ni upuuzi, tusameheni, twende zetu. Akashika pembe ya karatasi kwa vidole viwili, akaisugua.

"Hii ni pamba?"

"Ndiyo, baba. Karatasi ya pamba."

"Safi," alimwambia baba mdogo, kama anapanga madaraja ya pamba kwenye mizani. "Si fifi." Kisha akamgeukia mzee.

"Bwana mkubwa, tazama. Gari limesimama. Mwalimu kasimama. Pikipiki zote hizi zimesimama. Nani kawasimamisha? Dume. Sasa wewe ungetokea mbele na fimbo yako, tungesema mwenye fimbo ndiye kawasimamisha. Angekuwa mwekundu, tungeishia kutazama rangi. Huyu binti kakuficha ili dume awe mkubwa. Na miguu kaiacha makusudi, ili mwenye akili ajue mali hii ina mwenyewe, na mwenyewe hana haraka."

Makusudi! Nilibonyeza kwa kufumba na kufumbua, sikukusudia hata nusu ya hayo. Lakini kila duka la Bariadi nilikuwa nimeingia nikitafuta maneno hayo nisiyapate, na sasa yanatoka kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya ng'ombe. Nilitaka kumrukia baba shingoni. Mchumba haruki, nikakaa.

"Hana haraka," mzee akarudia polepole. Ilimwingia. Akasema tena, akiwatazama ndugu zake, "Mwenyewe hana haraka." Mtamba akasahauliwa hapohapo. Alitaka jambo moja tu: kila picha iwe na chapa yake, ileile aliyompiga dume kwa moto.

"Tumekubali," alisema baba bila kuniuliza.

Nikatoa zote saba, nikampa mzee penseli, nikamwonyesha ukingo mweupe chini, ninapotia sahihi yangu. Akaitikia vizuri, akainama, akaichora chapa kwenye paja la dume.

Nilipiga ukelele uliowatawanya kuku.

"Binti," alisema kwa upole, "chapa inawekwa kwenye ng'ombe. Nikiiweka pembeni nitakuwa nimepiga chapa ukuta."

Akapiga zote saba, mistari miwili na upinde kama mundu, akikandamiza kwa nguvu, baba akimpa inayofuata. Karatasi hiyo haikubali kufutwa. Kisha mzee akainua ya mwisho aitazame vizuri, mwanga wa uani ukaipiga kwa ubavu, na ile chapa, iliyokuwa imemezwa na weusi, ikang'aa kama fedha. Akaishusha, ikapotea. Akaiinua, ikarudi. Wazee watano wakaanza kuinama kushoto, kulia, kushoto, kama watazamaji wa mpira, na mimi katikati yao nikiruka na kupiga makofi, uchumba nimeutupa.

Tukaletewa ugali na maziwa ya mgando. Mzee akachukua picha yake, akatushika mikono mmoja mmoja akishukuru, "Wabeja, wabeja." Ruhusa nilikuwa nayo, sita zangu nilikuwa nazo. Tulipofika barabarani nilizihesabu nikapata tano.

Ya sita ilikuwa kwapani kwa baba.

"Baba, hiyo ni ya hoteli."

"Atapata tano. Chumba kimoja kitalala bila ng'ombe."

"Nimeahidi sita, na karatasi imekwisha!"

"Bei gani?"

"Baba, wewe huwezi…"

"Nimeuliza bei. Ile ya hoteli, si ya mtoto wangu."

Niliitaja nikitazama chini. Baba yangu ni mtu anayeomba apunguziwe hata chumvi. Nilisubiri fimbo igonge lami. Aliingiza mkono ndani ya koti la harusi, akatoa noti, akanipa yote, na hakupunguza hata shilingi. Kisha akampa baba mdogo fimbo ili aibebe picha kwa mikono miwili.

Nilimpigia mwenye hoteli palepale, nikicheka na kufuta macho kwa kanga. Nikamwambia ruhusa imepatikana, ila zimebaki tano.

"Ya sita iko wapi?"

"Imeuzwa."

"Imeuzwa kabla yangu? Kwa nani?"

"Kwa mteja wangu wa kwanza," nikasema. "Mkulima mmoja wa pamba, anatoka Ipililo."