Ndege ya Baba Mbele ya Darasa

Mwalimu wa binti yangu, hapa Erdington, Uingereza, aliwapa watoto kazi: chagueni mtu mmoja kati ya wale wa kwanza kujiundia ndege na kuirusha. Wenzake wakachagua wazungu wenye masharubu. Yeye akamchagua baba yangu, mtu wa kwanza kijijini kwetu kupaa, kwa injini ya pikipiki, mabomba ya maji na shuka za mama. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: chagua mtu wa kweli.

Nilichemka. Ijumaa wazazi walipoalikwa kusikiliza watoto, nilitoka kuogesha wazee kazini, nikaingia na sare yangu na kumwambia mwalimu, mtu wa kweli tunampigia sasa hivi.

Baba akatokea kwenye simu ya video, kofia kichwani. Mwalimu aliuliza, mimi nikatafsiri.

“Baba, anauliza kama ni kweli uliunda ndege ukairusha.”

Baba akaangalia kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa mwalimu.

“Ndege gani? Mimi nalima mahindi.”

Sikuhitaji kutafsiri, sura ya baba ilitosha. Watoto wakacheka. Binti yangu akatazama viatu vyake. Nilitamani kuingia kwenye hiyo simu nimkabe mzee wangu mwenyewe.

Halafu nikakumbuka. Baada ya kuruka, polisi walimlaza ndani siku mbili, na maafisa wenye vitambulisho shingoni wakamlazimisha kutia sahihi kwamba hatarudia tena.

“Baba, huyu si serikali. Ni mwalimu wa mjukuu wako.”

“Wote huanza hivyo.”

Mama akampokonya simu, akaenda nayo hadi banda la kuku. Juu ya kuku, chini ya mabati, kulikuwa na bawa zima la mabomba.

“Na hili liliota hapa? Mtoto anachekwa, wewe unaogopa kadi ya plastiki.”

Sauti ya baba ikatoka nyuma yake: “Mwambie yalikuwa mawili. Lingine lilivunjika nikitua.”

Basi hakunyamaza tena. Binti yangu alishika simu mwenyewe, akawaeleza wenzake kwa Kiingereza chake cha hapa jinsi babu alivyochonga rafadha, lile pangaboi la mbele, kwa panga, nami nikimsaidia maneno.

Mwisho mwalimu alinijia, akaniomba radhi.

“Si mimi uliyeniandikia,” nilimwambia. “Ni yule pale.”

Akaenda, akapiga magoti kando ya kiti cha binti yangu.