Yaya Languida Hapimwi Bila Kujiandaa

Dada yangu Languida ana msichana anayekuja kumsafishia nyumba kila Jumatano, na kila Jumanne jioni Languida husafisha nyumba ili msichana asije akaikuta chafu. Ukimwuliza basi msichana anakuja kufanya nini, anakutazama kana kwamba wewe ndiye huna akili. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, majirani wakifika na majembe kuzibua mtaro wa mbele ya lango lake, wanakuta ameshauzibua tangu Ijumaa, basi wanabaki kusimama na kumsalimia. Akienda saluni, kwanza hujisuka nyumbani. Mumewe, Kayitare, mtu mpole kupita kiasi, ameishi naye miaka yote hii bila kukalia viti vya sebuleni ila siku za wageni.

Mimi ni Umutesi, mdogo wake wa mwisho. Namwita yaya, kama tulivyozoea kuwaita dada wakubwa kule Masisi, Kongo, tulikozaliwa. Mimi namcheka nitakavyo, lakini mtu mwingine asithubutu.

Mwaka jana yaya alianza kusikia baridi. Jua la Gisenyi, hapa Rwanda tunakoishi sasa, limewaka mpaka mchanga wa ufukweni haukanyagiki, yeye yuko kwenye duka lake la vitenge amevaa sweta mbili, kama mtu anayekwenda kukama ng'ombe kwenye baridi ya milimani Mudende alfajiri. Alisinzia mbele ya wateja. Jumapili alitaka tumpeleke Nyamyumba akae kwenye chemchemi ya maji ya moto, na kumtoa humo ilikuwa kazi ya watu wawili. Kwenye kwaya, sauti yake nyembamba ikashuka, ikashuka tena, mpaka Evode, mwalimu wa kwaya, akaanza kumtazama kwa matumaini, maana ana upungufu wa besi.

Nikamburuta kwa Dokta Kimenyi. Akamtoa damu, akasema kipimo kimoja, cha amri inayotumwa kwa tezi ya shingoni, kimepanda kidogo, huenda tezi hiyo inachoka. Lakini hakutaka kuanza vidonge vya homoni papo hapo. Vidonge hivyo, alisema, mara nyingi mtu akishaanza ni vya maisha, kwa hiyo baada ya majuma machache watarudia kipimo, na safari hii watapima pia homoni yenyewe.

Mtu mwingine angesikia hayo akaenda zake. Yaya aliyapokea kama mtoto aliyeambiwa atarudia mtihani. Njiani alihesabu kwa vidole siku zilizobaki, na mimi ninayemjua nilipaswa kushtuka hapo hapo.

Majibu ya pili yalipotoka, dokta aliyasoma, akageuza karatasi kutazama nyuma, ambako hapakuwa na kitu, akayasoma tena.

"Mama Languida," akasema kwa Kiswahili chetu cha mpakani, kilichochanganyika na Kifaransa, "kuko tezi kidogo chini ya ubongo, ile njo inatumaka amri. Tezi ya shingo njo inatii. Kama ya shingo imetoa homoni ya kutosha, ya kichwa inanyamaza. Bon. Ya kwako, homoni imejaa mu damu, hata inapita kipimo. Lakini kichwa iko inaendelea kulalamika eti hakuna kitu."

"Donc, basi?" nikauliza mimi.

"Donc, ao mashini imekosea, ao kuko kitu mu kichwa." Akamgeukia yaya. "Kuko dawa unakunywaka?"

"Hata moja, dokta. Mi niko mutu ya chai tu."

Ile damu ikapelekwa maabara nyingine, na majibu yakarudi yale yale. Mashine ikawa haina hatia. Dokta akasema lazima aende Kigali apigwe picha ya kichwa, waangalie kama kuna uvimbe. Vidonge akakataa kumpa: hawezi kumwongezea homoni mtu ambaye damu yake inasema anayo kupita kiasi, moyo ndio utakaoumia.

Juma lile sikumcheka. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa mpaka chakula kikanishinda. Mama yetu alishafariki, na dada huyu ndiye mama niliyebaki naye.

Yeye, kwa upande wake, akaanza kujiandaa kufa. Alifua mapazia yote. Alichagua kitenge atakachozikwa nacho, kisha akabadili mawazo kwa kuwa rangi yake ingemfanya aonekane mgonjwa. Alimwagiza Evode nyimbo za mazishi, na akamwonya wasije wakazishusha. Akanionyesha kabatini mashuka mapya, bado yamo kwenye nailoni.

"Haya njo ya watu ya kilio," akasema. "Wasikute mashuka ya zamani."

Kayitare alikuwa akitoka nje kila mara, eti anaangalia mvua, na mvua yenyewe haikuwepo.

Siku moja kabla ya safari ya Kigali, alasiri, akaja Connie. Huyu ni mwenzake wa biashara anayekaa Birere, Goma, dakika chache tu ukishavuka mpaka. Zamani alifanyiwa upasuaji wa rovu, tezi ya shingo ikatolewa, na tangu hapo humeza vidonge vya homoni kila asubuhi. Alikuja na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye kikapu, wakakumbatiana na yaya, wakalia kilio kizuri. Kisha Connie, akiwa bado anajifuta macho, akauliza:

"Na zile vidonge zangu, ulizimaliza? Juu mi nimebakia na kidogo."

Yaya akashika kitambaa akaanza kupangusa meza iliyokuwa inang'aa.

"Vidonge gani?" nikauliza.

"Si zile za tezi," akasema Connie bila hila yoyote. "Alikuja kuniomba, eti kuko kipimo, anataka damu ikutwe muzuri. Nilimupatia plaketi moja ya vidonge. Nilimuambia kimoja kwa siku."

Nikamtazama dada yangu. "Ulikunywa ngapi?"

"Mbili."

"Yaya."

"Tatu. Zile siku za mwisho mbele ya kipimo."

"Na dokta alikuuliza kama kuko dawa unakunywa!"

"Aliuliza dawa yangu. Ile ilikuwa ya Connie."

Nilimfokea. Kwetu mdogo hamfokei mkubwa, tena mbele ya mgeni, lakini nilimfokea mpaka sambaza zikasahaulika. Nilimwambia nusura wampasue kichwa kutafuta ugonjwa uliotoka kwenye plaketi ya Connie. Nilimwambia ameniua mara saba wiki hii. Connie alikuwa amejishika mdomo. Kayitare alisimama mlangoni, na nadhani alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu mabega yalikuwa yanatikisika.

Yaya akaacha kupangusa. "We ulikuwa mutoto," akasema taratibu. "Wakati tulitoka Masisi, tukarudia hapa kwetu, mama alikuwa mugonjwa, mi njo nilikuwa nawaosha sura mbele ya kubisha ku mlango ya watu. Watoto wachafu, nani angewapokea?"

Hilo ninalikumbuka kidogo. Nakumbuka amenishika kidevu, ananipaka mafuta ya mwisho yaliyokuwepo, na uso unaniwasha. Mlango ule ulifunguliwa, ndugu ambao hawakuwahi kutuona wakatuingiza ndani. Kumbe kwake kila mlango ni ule ule, hata wa maabara. Hasira yangu ilipungua, ila si yote.

Kesho yake, badala ya kupanda basi la Kigali, tulikwenda kwa Dokta Kimenyi. Yaya alivaa kama anayekwenda kuozesha binti. Alieleza mwenyewe, macho yake yakiwa sakafuni, na dokta akachomoa karatasi zile za majibu, akazitazama upya.

"Mana yangu, Mungu wee," akasema mwishowe. "Mama, vidonge vinaingia mu damu haraka. Lakini ile tezi ya kichwa haikubaliake mbio, inachukua majuma mingi mbele ya kunyamaza. Nilikuwa nasoma karatasi ya watu wawili, kichwa ni ya kwako, homoni ni ya Connie."

Safari ikaahirishwa. Mwezi na nusu bila kidonge chochote, kisha apimwe upya. "Na usijipange," dokta akamwambia. "Ukuje vile uko."

Agizo hilo lilimtesa kuliko ugonjwa. Baridi ilimrudia yote, na usingizi, na miguu mizito. Jumanne ya kwanza alijaribu kusafisha nyumba kabla ya msichana, akalala juu ya ndoo ya maji ya kupigia deki, Kayitare akambeba. Jumanne iliyofuata alijilaza tu, ananung'unika. Asubuhi moja nilibisha, akanifungulia akiwa na kanga ya kulalia, na sahani za jana zikiwa mezani.

"Usiangalie," akaniambia.

"Naangalia," nikasema, nikaenda kuziosha.

Siku ya kipimo alikwenda hivyo hivyo, na sweta zake mbili, nywele zimefungwa kwa haraka. Majibu yalipotoka dokta aliyasoma mara moja tu. Homoni iko chini, chini kabisa, na kichwa kinapiga kelele kuliko mwanzo.

"Sasa zote zinasema kitu kimoja," akasema. "Tezi imechoka kweli. Kichwa haina kitu. Tutaanza na kidonge kidogo, tuongeze polepole." Akashika kalamu aandike, kisha akauliza, kama wanavyouliza wote: "Unajisikia aje, mama?"

Swali hilo nimemsikia yaya akiulizwa maisha yangu yote, na madaktari, na mapadri, na watu wa barabarani, na jibu lake halijawahi kubadilika: niko muzuri, asante. Nililisubiri.

"Nimechoka, dokta," akasema. "Nimechoka tangu zamani."

Dokta Kimenyi akaweka kalamu chini. Mimi nikavuta kiti changu karibu na cha yaya, naye akaanza kumweleza.