Majani Machungu ya Wifi Yangu

Nilipoolewa Biryogo, mtaa wa Waislamu, nilimkuta wifi yangu ndani ya nyumba na kuku wake nyuma ya nyumba. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Mumewe alimwacha kwa sababu hakuzaa, naye akarudi kwa mdogo wake, fundi cherehani, na tangu arudi hakutaka kula cha bure. Mayai yake yalipanda kilima mpaka mtaa wa Kiyovu, ambako wapishi wa majumba makubwa walimjua kwa sauti tu akipiga hodi langoni. Ukimwuliza habari za nyumbani, alikujibu habari za kuku.

Masika yalipoingia, vifaranga wakaanza kufa. Kifaranga aliyekuwa akikimbia jana, leo amesimama pembeni, manyoya yamemsimama, mabawa yameanguka, macho kayafumba kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Chini yake kinyesi kina damu.

Daktari wa mifugo, kijana mpole, alikuja na pikipiki, akampasua mmoja aliyekufa na kutuonyesha utumbo uliovimba.

"Ni vimelea, mama. Wanatoka na kinyesi, kuku anadonoa chini, anawala tena. Unyevu ndio unaowapa nguvu."

Akatuachia unga wa kutia kwenye maji ya kunywa, na vifo vikakoma. Lakini vita vya Uganda vilipokuja, malori yaliyotuletea bidhaa kupitia huko yakaacha kupita. Petroli ikaadimika, chumvi ikaadimika, na ule unga nao ukatoweka. Wifi alimfuata daktari ofisini, akarudi mikono mitupu.

Ndipo alipokwenda Kagugu. Baba yao alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyetoka pwani, lakini mama yao alikuwa Mnyarwanda wa huko, na wakati ule Kagugu ilikuwa migomba na mashamba ya mtama. Kwa wajomba zake ua ulikuwa wa umubirizi, ule mti wa majani machungu ambao watu huchemsha tumbo likiwauma. Alikumbuka bibi yake akiwapa kuku majani hayo mvua zikikaribia. Akarudi na mzigo kichwani.

Aliyaanika kivulini juu ya mkeka wangu, akayatwanga, na uchungu ukaenea nyumba nzima. Hata chai ilikuwa chungu. Mara ya kwanza alipoyachanganya na pumba, alizidisha. Kuku waliparua pumba, wakaitawanya, wakaenda zao. Mayai yakapungua, na wapishi wa Kiyovu wakaanza kununua kwingine.

"Dada," mume wangu akamwambia, "unawaua kwa njaa ili wasife kwa ugonjwa?"

Wifi akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa karibu na banda, midomo ameibana, akiwatazama. Nilimwonea huruma, maana nilijua kwamba kuku wale wakiisha, atabaki mgeni katika nyumba ya mdogo wake.

Akapunguza kipimo. Akachanganya na viazi vitamu vya kuponda na kitunguu saumu kidogo, nao wakala. Akaanza kuwapa mapema, wakiwa bado wazima, kabla ya mvua. Kwa seremala akaomba maranda, na kila yalipolowa aliyatoa, akatandika makavu. Masika yaliyofuata walikufa wachache, wengi wakakua. Daktari alipopita alichungulia bandani, akacheka kwa furaha.

"Sijui ni majani au ni maranda makavu. Pengine vyote viwili. Usiache hata kimoja."

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mjane, rafiki mkubwa wa wifi. Alikuwa akifuga kuku kwa ajili ya harusi ya binti yake. Siku moja akaja mbio: kuku wake wanahara damu, anaomba yale majani.

"Nitakupa," wifi akamwambia, "lakini mimi huwapa wazima. Walioshaugua sijui kama yatawafaa."

Alisema hivyo, nilikuwa pale nikichambua mchele. Lakini mtu mwenye shida husikia ile nusu anayoitaka.

Wote wakafa. Mjane akaja na beseni, akawamwaga kuku mlangoni petu.

"Chukua dawa yako! Zako ziko nzima, zangu zote zimekufa. Ulinipa nini?"

"Nilikupa kile ninachowapa wangu."

"Uongo! Mtu ambaye hakuzaa hawezi kupenda harusi ya mtoto wa mwenzake."

Uchochoro mzima ulisikia. Wifi akaniambia kwa sauti ndogo nisiwaguse wale kuku, nitapeleka ugonjwa bandani. Akachimba shimo peke yake, akawafukia, akamwagia majivu. Jasho lilimtoka, au ni machozi, sikutaka kumtazama usoni.

Baadaye alinituma kwa mjane na kapu la mitetea minono. Mjane alilifunua, akawatazama muda mrefu. Niliona anawataka. Kisha akafunika.

"Rudisha. Mwambie harusi yangu haihitaji uchawi."

Mwaliko ulipokuja ulikuwa wangu na mume wangu tu. Kwetu Biryogo, kutoalikwa harusi ya jirani ni kama kuambiwa huishi hapo. Nikasema siendi. Wifi mwenyewe ndiye aliyeninyooshea vitenge vyangu kwa pasi ya mkaa.

"Nenda. Usipokwenda watasema nimekuzuia."

Nilikula pilau ya nyama ya ng'ombe kati ya wanawake walionyamaza nilipokaa. Niliporudi aliuliza jambo moja tu: bibi harusi alipendeza? Nikamwambia alipendeza sana. Akasema alhamdulillahi, akainuka kwenda kuwapa kuku maji.

Watu hawakuacha kuja kuomba majani, wengi wao wakipitia mlango wa nyuma. Lakini hakumpa tena mtu kabla hajakwenda mwenyewe kuwaona kuku wa mwombaji. Akikuta damu kwenye kinyesi, alikataa kabisa, akamwelekeza mwenye kuku kwa daktari, hata kama dawa haikuwepo. Basi wakamwita mchoyo. Nilimwuliza kama haimuumi.

"Inaniuma," akasema. "Ila ile ya jirani iliniuma zaidi."

Miaka kadhaa baadaye wajomba zake wa Kagugu walimpa kipande cha ardhi, naye akahama. Asubuhi ile tulipokuwa tukipakia matenga ya kuku, mjane alitoka akasimama mlangoni pake. Wifi akamgeukia, akamtolea salamu ya Kiislamu, ile ambayo mtu hana ruhusa ya kutoiitikia. Mjane akaitikia. Wakatazamana kidogo, kisha wifi akainua tenga la mwisho.