Kumficha Mwanasheria Junda

Mimi si mtu wa kutoka. Sokoni naagiza, dukani naagiza, na msiba usipokuwa wa mlango wa pili naupigia simu. Basi binti wa jirani hakupata shida kunipata alipotaka mtu wa kumfanyisha mazoezi ya usaili. Kusoma nimeishia kidato cha nne, lakini hapa Junda hakuna aliyenishinda ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo.

Kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo. Kuna wafadhili waliokuwa wakitafuta watoto wa pwani wa namna hiyo, wawasomeshe sheria. Jikoni kwangu nikawa jopo zima, nimekalia mbuzi ya nazi.

"Kwa nini wataka kuwa wakili?"

"Abee, khalati."

"Jaji haitikiwi abee! Na inua macho, sakafu haina kesi."

Akacheka, akainua. Usaili wenyewe ukaenda vizuri. Kilichobaki ni mtu kutumwa mtaani, bila taarifa, awaulize majirani habari za nyumbani kwao.

Sasa mamake anaogopa kijicho kuliko moto; kwake, homa yoyote ya mtoto ni jicho la mtu. Tangu matokeo ya mtihani wa shule yatoke alishautangazia mtaa kuwa binti amefeli, anajifunza ushonaji. Watu wakampa pole, mmoja akamletea vitambaa. Mimi niliyejua nikaapishwa.

"Wallahi ukisema, likamfika la kumfika mwanangu, mimi nawe basi."

Asubuhi moja mtaa ukanyamaza ghafla. Nikachungulia dirishani. Mwanamke mgeni, begi begani, amesimama kwa muuza mbaazi na hanunui. Mtu asimame mbele ya mbaazi za moto asinunue? Nikajua ndiye aliyetumwa.

"Yule? Maskini, alifeli," muuza mbaazi alikuwa akimwambia. "Ashona siku hizi."

Mgeni akaandika. Akaenda mlango wa pili.

"Alifeli, dada. Sote tulimpa pole."

Akaandika tena. Karatasi za binti zinasema amepasi, mtaa mzima unaapa amefeli. Nani asingedhani zimeghushiwa? Na majirani walisema kwa huruma, roho safi kabisa.

Mamake alikuwa mlangoni kwake. Akaniona dirishani, akatikisa kichwa polepole: nyamaza.

Nikatoka, kanga moja, miguu mitupu.

"Heh!" muuza mbaazi akasema. "Huyu katoka nje? Kuna kiyama."

"Amepasi!" nikamwambia mgeni. "Amefichwa kwa ajili ya kijicho. Hawa hawajui."

Mgeni akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe nikuamini kwa nini?"

Kwa maneno yote niliyomfundisha mtoto wa watu, mimi nikatazama sakafu ya uchochoro.

"Ni kweli," mamake akasema nyuma yangu. "Mwanangu amepasi. Ni mimi niliyesema uongo."

Majirani wakageuka wote kumtazama. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwenye vitambaa akaingia ndani akafunga mlango.

Mgeni alifunga begi. "Mtaitwa," akasema, bila kusema lini.

Mpaka leo hajaita. Binti bado huja jikoni, simu mkononi, haiweki chini hata akinawa mikono. Mamake hanisemeshi. Kila jirani akipita humwuliza, kwa sauti tamu mno: "Mwanasheria wetu hajambo?"

Naye hujibu hajambo, kisha huingia ndani kumgusa binti kipaji cha uso, aone kama kina joto.