Mahindi Yaliyokosa Mlaji

Harufu ya mbegu kwetu ilikuwa harufu ya moshi. Nyumbani Nyatike, mahindi yaliyoteuliwa kwa msimu ujao yalining'inizwa juu ya meko ya Mama Mkubwa, mke wa kwanza wa baba, yakawa meusi kwa masizi hata dumuzi wakayakimbia. Mama yangu, mke wa pili, hakuruhusiwa kutia hata punje moja ardhini kabla Mama Mkubwa hajaufungua upanzi kwa mbegu hizo. Ndivyo mila yetu Wajaluo ilivyotaka. Aliyeiruka zamu hiyo alijivutia chira, laana inayomkausha mtu hadi kaburini.

Miaka hiyo ya tisini alikuja bwana shamba kwa pikipiki, akaja na harufu nyingine: mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi, na mbolea iliyowasha pua. Alitufundisha kupanda kwa mstari, kamba imevutwa toka mwanzo hadi mwisho wa shamba, kila shimo kizibo kimoja cha soda cha mbolea. Baba aliyakubali yote, kamba na vizibo na dawa, isipokuwa jambo moja. Mvua za masika zilipoanza, Mama Mkubwa alikuwa amelazwa hospitalini Homa Bay, tumbo limemvimba. "Mzee, panda sasa. Ngojangoja huumiza matumbo," bwana shamba alimsihi. "Subira huvuta heri," baba akajibu, na mifuko ya mbegu ikabaki imeegemea ukuta huku majirani wakipalilia. Nilikuwa na miaka tisa, na ghalani mwetu mlikuwa na mtama wa kufagia tu.

Baba alinipeleka kumwona mgonjwa. Alipotoka kutafuta maziwa, Mama Mkubwa alinivuta karibu kwa mkono uliokuwa mwepesi kama ganda la karanga. "Mwambie mamako apande. Mvua haingoji mgonjwa. Babako usimwambie, hatasikia." Nilimfikishia mama neno kwa neno. Akaniuliza mara tatu, "Ni yeye amesema hivyo?" Mara tatu nikasema ndiyo. Baba aliporudi Homa Bay, mama alivuta kamba, tukapanda siku mbili mfululizo, mimi nikidondosha mbegu mbilimbili shimoni.

Mama Mkubwa alifariki kabla mahindi hayajafika magotini. Baada ya mazishi, wazee wa ukoo walikaa uani, mama akasimama mbele yao. "Nilitumwa na yeye mwenyewe. Muulizeni mtoto." Mzee mmoja akaniinamia, akasema kwamba yeyote aliyetia mkono katika jambo lile, chira itamfuata. "Sema, nyathina, mwanangu. Ulisikia nini?"

Nilitazama miguu yangu. "Sijui," nikasema. Niliogopa kufa, basi.

Sijaona tena mahindi kama yale. Yalipita paa la jiko, kila bua limebeba mawili, na hakuna aliyeyagusa, kwa kuwa yalikuwa ya mwiko. Yalikauka yamesimama, nyani na mchwa wakayamaliza, nasi tukanywa uji wa kuombaomba. Mama alirudishwa kwao Sori, akawa anaanika omena, dagaa wa ziwani, hadi alipofariki. Nilipomtembelea hakuniuliza chochote, alinipakulia tu samaki na kunihimiza nile. Afadhali angenichapa. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyeyamwaga.

Msimu uliopita nilirudi nyumbani. Kaka yangu amekodi trekta, na mke wake mdogo ndiye aliyepanda kwanza, baada ya kusoma habari za mvua kwenye simu. Mke mkubwa alikuwa kazini Migori, akapiga simu kuuliza tu kama mbegu zimetosha. Hakuna aliyetaja chira. Wazee wote waliokaa uani siku ile wamekwisha kufa. Nilisimama penye shamba letu la zamani, nikasema kwa sauti, "Alisema tupande. Nilimsikia." Dereva wa trekta akapunguza mwendo, akauliza kama nilikuwa nikimwita yeye. Nikamwambia aendelee na kazi.