Siku Mama Alipouliza Bei ya Pembe za Mfalme

Mama alikuja Guangzhou kunirudisha Unguja, na hakuficha. Alianza uwanja wa ndege, hata kabla ya kunikumbatia: baba kazikwa mimi sipo, ndugu zangu wamechoka kunitetea, na vitambaa ninavyonunua soko la Zhongda anaweza kununua mtu mwengine yeyote. Nilimjibu kwa kumlisha wali wa mtaani kwetu Dengfeng na kumtembeza madukani mpaka miguu ikamvimba, nikitumai atasahau.

Siku moja mvua ilituzuia kwenda sokoni, nikampeleka kwenye makumbusho ya kaburi la mfalme wa kale, si mbali na kwangu. Ndani tukakuta pembe za ndovu zilizozikwa naye. Nilimsomea kibao: huenda zilitoka Afrika.

"Mzigo wetu huo," akasema. Kisha, kwa neno pekee la Kichina nililomfundisha, akamuuliza mlinzi, "Duoshao?" Bei gani. Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. Niliona haya, halafu nikacheka kumshinda.

Nikamhadithia mama habari za ukoo ule. Babu wa mfalme huyo alikuwa jemadari wa kaskazini, aliyeletwa huku na dola ya Qin. Dola ikaanguka yeye yuko mbali na kwao. Akafunga njia za milimani, akajitawaza, akafunga nywele kama wenyeji, na watu wake wakaoana nao. Mji huu ukawa makao ya ufalme mpya. Ukweli ni kwamba nilikuwa najitetea, na mama alijua.

"Na wazee wake huko kaskazini?"

"Walishakufa. Aligombana na dola mpya ya huko mpaka wakapigana. Baadaye akatokea mtawala mwengine wa huko, akaweka watu wa kutunza makaburi ya wazee wa jemadari. Hapo ndipo alipolainika."

Nilipomaliza kusema nikajua nimejichongea. Nikangoja kusomewa mashtaka.

"Babako kazikwa nyuma ya nyumba," akasema mama. "Kaburi lake nalifagia mimi kila Ijumaa, halina shida. Usije kwa ajili ya kaburi. Njoo mimi ningali na meno, tule pamoja."

Nililia palepale, mbele ya mlinzi, ambaye sasa hakujua acheke au aite mtu. Mama akanipa ncha ya mtandio wake nijifute.

"Nitakuja Ramadhani," nikamwambia.

"Hii inayokuja," akasema, "si nyengine."